Ken wa Street Fighter 6 na benzake: sura gani mupya mulikubali, na gani mulikatala?

manete_ya_Katuba (Lubumbashi)

Jambo yenu bote. Kuko neno inanikamata tangu nianze kucheza Street Fighter 6, ile muchezo ya kupigana bantu babili, na minataka munipe mawazo yenu ya kweli, haiko ile ya kusema kila mutu na yake.

Bon. Muchezo ilitoka mwezi wa sita 2023, lakini shiye huku inatufikiaka kisha benzetu bamekwisha kuichoka, juu sede mupya iko bei ya juu na kuishusha kwa mega ya telefone ni kujitafutia umasikini, sasa hapa Katuba kwenye banalipishaka PlayStation njo balileta, na mutu wa kwanza nilikamata ni Ken, siku zote ni Ken. Nikamuona. Nywele haikuchanwa, ndevu imeanza kuota ovyo, koti ya mutu mwenye alilala ku gare. Ule ule Ken wa kimono nyekundu, mutoto wa batajiri, mwenye alikuwaka anapigana huku anacheka. Kadogo kenye kalikuwa kanangojea zamu nyuma yangu kakauliza, "Yaya, huyu shege njo Ken?" Nyumba nzima ilicheka, ata ule wa kukusanya makuta.

Mi nilimupenda pale pale. Juu ukifuata hadisi yake unaona balimutega ku inchi moja ya kubuni inaitwa Nayshall, bakamusingizia eti yeye njo alipanga mabaya yote, sasa eko anajificha, eko mbali na bibi yake Eliza na mutoto wao Mel. Bantu ku intaneti balianza kuchekesha eti bibi alimufukuza, mpaka Nakayama, ule mwenye kuongoza muchezo, akasema apana, habakuachana. Na ku mikono balimubadilisha vilevile! Zamani Ken na Ryu ilikuwa karibu mutu moja, unachagua rangi ya nguo tu. Sasa Ken anakimbia kwanza ndio anapiga, eko na ile Jinrai ya mateke kufuatana, unasikia kabisa ku manete, ile ya kushika mu mikono, kama huyu mutu hana wakati ya kupoteza. Na mwenye anakumbuka kimono nyekundu iko pale, ni nguo ya pili, unaifungua.

Benzake ni vile vile. Ryu ameotesha ndevu na anavaa ile kitambaa ya bamonaki ku bega. Chun-Li ametulia, amekuwa mwalimu wa kung fu, eko analea binti moja Li-Fen. Miaka ilipita juu yao sawa ilipita juu yetu. Kwangu sheria ni hii: kama sura inabadilika juu maisha ilimupiga mutu, nakubali. Kama inabadilika juu kuko mutu mu biro mwenye anataka kuuza mbio, nakatala.

Na mufano ya kukatala munaijua bote. eFootball 2022. Tarehe 30 Septemba 2021 kampuni ya Konami inatupa PES, jina ya gemu ya mupira yenye tulikomea nayo, inaleta ile kitu, na sura ya Messi na ya Ronaldo imepinda mpaka huoneke tena kama analia ao anacheka, na basupporter mu tribini bako na vidole ya kuungana. Ku Steam bantu baliipiga chini mpaka ikakuwa ya mwisho kabisa. Konami ikaomba radi. Kuomba radi ni kuzuri, lakini nani alitoa ruhusa itoke?

Donki nauliza: ni nani mulikubali, ni nani mulikatala, na juu ya nini? Na mwenye alicheza Silent Hill 2 ile ya 2024, muchezo ya kutisha, aniambie kama sura ya James, mutu wake mukubwa, iko sawa, juu mi niliona paka trela.

kaka_wa_Kadutu (Bukavu)

Muko je bandugu. Manete, nakuheshimu, lakini ile sheria yako iko na tundu na nitakuonyesha fasi iko.

Kamata Peter Parker, Spider-Man mwenyewe, ule wa kampuni ya Insomniac. Gemu ya kwanza ilitokaka 2018 ku PS4. Peter ana miaka 23, amekwisha kufanya kazi ya Spider-Man miaka 8, hana makuta, banamutosha mu nyumba juu ya deni na bintu yake inaenda mu takataka. Na ile sura balimupatiaka ilikuwa inakubaliana na ile maisha, ukimuangalia ku macho unaona mutu mwenye halalake. Halafu 2020 PS5 inatoka, banarudisha gemu ile ile na jina Remastered, banamutosha John Bubniak mwenye alitoaka sura yake, banaweka Ben Jordan. Insomniac ilisema ni juu sura ya Ben Jordan inakubaliana zaidi na ya Yuri Lowenthal, mwenye anafanyaka sauti na miendo yote ya uso. Sawa. Mi sipinge ufundi yao. Lakini hadisi haikubadilika ata neno moja!! Sauti ile ile, vita ile ile, machozi ile ile, ila mwenye analia ni mutu mwengine, na huyu mupya unamuona kabisa bado kumaliza sekondari.

Sasa ku sheria yako tumuweke wapi? Maisha haikumupiga. Na haiko mambo ya kuuza, juu hakuna mutu alinunua PS5 sababu ya mashavu ya Peter. Ni mashine tu ilitaka mufupa ingine ya uso. Unaona? Tundu.

Kwangu mi ni hivi: mutu nilishamaliza naye hadisi, usinibadilishie. Unataka sura mupya, tengeneza gemu mupya, mwite jina ingine, nitakuja mi mwenyewe kumuona.

Na tukiwa hapo hapo kwa Spider-Man, ile 2 ya mwezi wa kumi 2023, nani alimushauri Miles, ule Spider-Man wa pili, ile nguo ya mwisho? Mutu anaficha jina yake, adui bako banamutafuta, na anatosha nywele yote inje juu ya maski. Harlem nzima inajua ile nywele! Kinyozi wake anaijua! Na viatu ni ya Adidas, pale manete njo ungesema mutu wa biro, na pale nakupatia haki.

Himbi_na_manete (Goma)

Jambo bakaka. Naona munaongea ndevu na nywele ya banaume tu, acha dada yenu aingie.

Manete nianze na swali yako: James wa Silent Hill 2 eko sawa. Trela ya kwanza ilitutisha bote, zaidi sura ya Angela, lakini Bloober, kampuni yenye iliitengeneza, ilirudia kazi na mu muchezo wenyewe unaona uso ya mutu mwenye haya na uchungu, James anaangalia mu kioo cha choo mwanzo mwanzo na mi nilisimamisha gemu nimuangalie. Ila usiitafute pale Katuba kama beko paka na PS4, haikutoka ku PS4. 2024 ilitoka ku PS5 na ku kompyuta.

Mwenye balipigia kelele mu ile gemu ni Maria. Ya 2001 anavaa sketi ya chui na tumbo inje, ya 2024 bamemufunika, na banaume bakalia mwezi muzima. Mi nauliza, mulielewa hadisi ao mulikuwa munaangalia tumbo? Maria kazi yake ni kufanana na bibi ya James mwenye alikufa, kufanana mpaka mutu anachanganyikiwa. Ile inakaa ku uso na ku sauti. Na uso balifanya vizuri sana, wakati anabadilisha sauti mu gereza pale ngozi inasisimka. Sketi isipokuwa ya chui hakuna kitu inaharibika.

Sasa Resident Evil 4. Ile ya 2005 tulicheza bote, na musidanganye, Ashley, ule binti mwenye Leon wetu anaenda kuokoa, alitutesa bote. Anaita Leon, anabebwa, anakufa na mushale ya mujinga, unamuficha mu pipa ya takataka ili upigane na roho nzuri. Mu ile ya mwezi wa tatu 2023 balimuvalisha nguo ya baridi, balimupatia uso ya binti wa kweli mwenye anaogopa lakini anafikiri, balimutosha ile musitari ya uzima, na unamuamuru paka bintu mbili, akae karibu ao akae mbali kidogo. Nilimaliza bila kumuchukia. Na Ada! Ada, ule mupelelezi, wa zamani anaingia mu kijiji ya bagonjwa na rinda ya kwenda mu feti, kiatu ya kisigino, mu matope. Nilikuwaka mudogo na nilijiuliza ata pale. Sasa eko na rinda ya sufu nyekundu na buti. Nyekundu imebaki, ndiye yeye, na anaweza kukimbia.

Donki kaka wa Kadutu, hadisi ya RE4 ni karibu ile ile, na balibadilisha bantu, na iko muzuri kushinda. Sheria yako nayo iko na tundu, tena kubwa.

FreeFire_Ruashi

Mi nasoma nacheka tu. Ku Free Fire kila mara mutu anavaa nguo mupya, leo mabawa, kesho kichwa ya moto, na hakuna mwenye analia, bengine banalipa ata dolari. Munalia juu ya ndevu ya Ken 😂😂

manete_ya_Katuba (Lubumbashi)

@FreeFire_Ruashi ile ni nguo, peti. Unaivua ukichoka. Mi naongea mutu mwenyewe.

@Himbi aksanti kwa jibu ya James, na pole kwa PS4 yetu, njo yenye iko hapa, Street Fighter 6 nayo inacheza paka kwa ile.

muzee_wa_PS1 (Lubumbashi, Kamalondo)

Batoto yangu, munabishana muzuri lakini munaanzia ku sura, na muchezo haianzie ku sura. Inaanzia ku vidole.

Mi nilianza na Tekken 3, nayo ni ya kupigana. Mwenye alikuwaka mu Kamalondo ile wakati anajua kitu moja: usimupatie mugeni Eddy Gordo. Mutu hajue kitu, hakushika manete ata siku moja, anapiga X na duara, X na duara, Eddy anajizungusha chini na mateke ya capoeira na anakutosha weye mwenye ulijifunza Hwoarang, mupiganaji mwengine, kwa jasho. Ugomvi ilikuwa inatoka ya kweli. Sasa Tekken 8 ilitoka mwezi wa kwanza 2024 na Eddy hakukuwa ndani, balimuleta mwezi wa ine na ni kumununua kipekee. Bananiuliza kama sura yake mupya inanifurahisha. Sijue! Nilipiga X na duara. Anajizungusha. Basi ni yeye.

Dante nitamusema vile vile juu munamusahau. 2013 Capcom, benye muchezo Devil May Cry, iliipatia kampuni ingine, Ninja Theory, bakamuleta Dante mwenye nywele fupi nyeusi, mutoto wa kiburi, na mu mwanzo ya muchezo kuko fasi nywele ya bandia nyeupe inamuangukia ku kichwa, anajiangalia mu kioo, anasema ata miaka milioni. Ule ilikuwa ni kuwatukana bantu mu uso. Wakakasirika mpaka leo. Lakini mi nilishika ile manete na nawaambia mikono ilikuwa tamu, unabonyeza upande unapata silaha ya malaika, upande ingine ya shetani, mutu anakaa hewani mpaka unasahau kama kuko chini. Bantu bakakatala yote juu ya rangi ya nywele. Kisha 2019 ikaja ya 5, Dante na nywele nyeupe, muzee, ndevu, amechoka, na bote bakarudi. Mi nilipenda zote mbili.

Kratos wa God of War sawa. 2018 balimuotesha ndevu, balimutosha ku Bagriki, balimupeleka ku baridi na mutoto, na bantu banasema ni juu ya ndevu na mutoto njo muchezo ikakuwa kubwa. Apana. Ni ile shoka. Unaitupa, inaganda mu kichwa ya mutu, unabonyeza, inarudi mu mukono na unasikia ile pigo ku manete mpaka ku kiganja. Bangemuweka sura ya nani na ile shoka ningenunua.

Lakini kuko moja yenye sitasamehe, na ile ni yenu bote. CJ.

GTA San Andreas ya 2004, CJ njo mutu wake, mulicheza bote na musinibishie. Mwezi wa kumi na moja 2021 Rockstar inaleta ile banaita Definitive Edition, kazi ilifanywa na Grove Street Games. Bantu bamevimba ku fasi ya kujikunja, vidole vinene, uso ya plastiki. Mvua inanyesha nyuzi nyeupe ya maziwa, usiku huone barabara. Na balitosha ukungu! Ile ukungu ya PS2 njo ilikuwa inafanya inchi ikuwe kubwa, unaendesha motokari unajua mbele kuko kitu lakini huioni. Balivyoitosha, unapanda Mount Chiliad unaona yote mpaka Los Santos na unasema kumbe ni kisiwa kadogo hivi. Na kuko duka ya beinye mu muchezo, Tuff Nut, alama yake ni ile nati ya bulon, ya pembe sita, ni mazungumuzo ya kuchekesha juu "nut" ya Kingereza ni nati. Mashine ililainisha pembe. Ikakuwa duara. Nati gani iko duara? Hakuna mutu aliangalia ile kazi mbele ya kuuza, hakuna ata moja. Rockstar iliomba radi na kurudisha ile ya zamani ku kompyuta, na 2024 balirudi kurekebisha mwangaza. Miaka mitatu.

Pale manete njo eko na haki na mutu wake wa biro. Lakini musimuite sura mupya. Ile ni kazi mubaya.

manete_ya_Katuba (Lubumbashi)

Muzee heshima. Ile ya nati sikuonaka na sasa nitaangalia kila mara nikipita pale.

Lakini sikubali kama sura haina kazi. Chukua Mileena wa Mortal Kombat 1, ile ya mwezi wa tisa 2023, niliicheza kwa shemeji wangu mwenye eko na PS5. Zamani Mileena ni kopi ya Kitana, Shang Tsung, ule mulozi, alimutengeneza mu laboratware yake, ana meno mubaya juu balimuchanganya na damu ya Batarkata, kabila ya meno makali. Kwisha. Ni musiba wa kutisha tu. Mu hii mupya Liu Kang ameanza wakati upya, na Mileena ni pacha wa Kitana wa kweli, mutoto wa malkia Sindel, eko mu musitari wa kukaa ku kiti ya mama yake, lakini amepata ugonjwa banaita Tarkat na mama yake anaficha. Anapewa dawa. Dawa ikiisha nguvu meno inatoka. Na Baraka, ule mwenye tulikuwaka tunasema ni nyama, alikuwa mufanya biashara, akapata ile ugonjwa, bakamutupa na bagonjwa benzake mbali na mji. Meno ni ile ile, muzee! Mikono ni karibu ile ile! Lakini sasa ukimupiga unasikia vibaya kidogo. Ile ilifanywa na hadisi na uso, haiko X na duara.

Ungali unaweza kusema ni mambo ya mikono?

muzee_wa_PS1 (Lubumbashi, Kamalondo)

Nampiga tu. Ni muchezo.

Kampemba_mukono_moto (Lubumbashi)

Jambo bakubwa. Niko nafuata kimya kimya lakini kuko upande moja hakuna mwenye aligusa. Munalia juu ya sura ya bantu ya Marekani na ya Japani bakibadilisha, na je, sura yetu shiye iko wapi?

Mi nilicheza Tales of Kenzera: Zau ya mwezi wa ine 2024, na kuanzia siku ya kwanza iliwekwa mu PS Plus Extra, ile abonema ya PlayStation, donki kama kuko mwenye analipa ile aangalie kama ingali mule. Mwenye aliitengeneza ni Abubakar Salim, ule mwenye alifanya sauti ya Bayek mu Assassin's Creed Origins. Baba yake alikufa na akaweka ile kilio mu muchezo. Zau ni kijana mwenye baba yake alikufa, anamuendea Kalunga, mungu wa kifo, anapatana naye: nikuletee mizimu mikubwa tatu, unirudishie Baba. Anavaa maski mbili, ya jua ni moto na kupiga karibu, ya mwezi ni barafu na kupiga mbali, unabadilisha katikati ya vita na ukizoea ni ngoma kabisa. Na kuko sauti ya Kiswahili! Unaingia mu luga unachagua. Niliita mama yangu mu saluni aje asikie televizyo inaongea, akasimama pale na kitambaa ya vyombo ku mukono mpaka ile maongezi ya Zau na Kalunga ikaisha, akauliza kama ule kijana atamupata baba yake. Siku ile umeme haikukatika, Mungu ni mwema.

Makosa iko nayo, ni fupi na kuko fasi ya kukimbia mbele ya hatari yenye ilinitoa matusi. Lakini angalia uso ya ule kijana, nywele, shanga, rangi ya udongo. Hakuna mutu alimubadilisha kutoka kwa mutu mwengine. Alizaliwa vile.

Na ile kelele ya Yasuke mu Assassin's Creed Shadows ya 2025, eti samurai mweusi wametunga. Yasuke alikuwako, alifika Japani 1579 na bapadri Bajezwiti, akamutumikia Oda Nobunaga. Bantu baliona ngozi wakasema ni uongo, na mu ile ile muchezo mutu anaruka kutoka juu ya mnara anaanguka mu majani na anaamka, pale hakuna mwenye alibisha.

Sargon wa Prince of Persia ya 2024 vile vile, trela inatoka tu balianza na nywele yake. Kisha bakacheza na bakanyamaza, juu iko kati ya michezo mitamu ya ule mwaka.

Himbi_na_manete (Goma)

Kampemba umenipatia kazi ya leo, Zau naitafuta sai.

Na niseme neno juu ya Tifa mbele ya kwenda kulala, juu hamukumugusa na najua muko naye mu roho. Mu Final Fantasy VII Remake ya 2020 Square Enix ilimuvalisha nguo ya ndani ya kubana, ya mwanamichezo, biro yao ya maadili ndiyo ilishauri, na kelele ikatoka mpaka mbinguni. Jamani. Kazi ya Tifa ni kupiga bantu na mateke na ngumi. Kaka yeyote mwenye anafikiri mwanamuke anaweza kuruka mateke bila kufungwa vizuri hajawai kuongea na dada yake. Wangemuuliza mwanamuke mumoja mu 1997 ingekwisha pale.

Lakini sipende kila kitu mupya, musiseme ni juu ya kusifu tu. Anna Williams wa Tekken 8. Anna yangu ni kiburi na rinda ya kung'aa ya kupasuka mpaka juu. Balimuleta na nywele imekatwa fupi na koti kubwa nyekundu ya manyoya. Koti ni nzuri, ningeinunua. Ila si yake. Na pale sina sheria ya kuwapatia, sina tundu ya kujaza, nilimuona tu na roho ikakatala.

kaka_wa_Kadutu (Bukavu)

Dada wa Himbi, sasa umefika kwangu! "Roho ikakatala" ndio ile naongeaka tangu mwanzo na Peter wangu. RE4 nakuachia, Ashley mupya ni muzuri, ila muone, miaka 18 ilipita kati ya ile mbili. Mi Peter walinibadilishia kisha miaka mbili. Mutu hajafika ata kuzikwa.

Na kwa mwenye ana kompyuta, ile Remastered ilifika ku PC mwezi wa nane 2022 na bantu wametengeneza modi, kipande cha kuongeza ku muchezo, ya kurudisha sura ya zamani. Mi njo nachezea vile. Unaitafuta ku Nexus, ile site ya modi, unafuata maelezo, ila ufanye kopi ya failo kwanza usije ukaharibisha yote. Manete nikutumie?

manete_ya_Katuba (Lubumbashi)

Ningependa, lakini nimekwambia, huku ni paka PS4.

kaka_wa_Kadutu (Bukavu)

Basi hauna lazima ya kitu. Ile sede ya 2018 ku PS4 habakuigusa, ule wa kwanza angali ndani. Mi nahangaika na modi na laptop inapiga kelele, na weye uko naye pale Katuba kwa bei ya zamu moja.